Minyaa ya Nyuma ya Jiko

Enzi zetu mtoto hakuthubutu kwenda shule mikono mitupu siku ya Ijumaa. Ulibeba dumu la maji la lita tano kichwani, fagio la chelewa kwapani, na kama zamu yako imefika, jembe begani. Njia yote hiyo ukaitembea peku kwenye mchanga wa moto, na ukifika ukacheka na wenzako kana kwamba umeletwa kwa gari. Ninyi mliosoma ndani ya Magarini, huku pande za Adu, mnayajua haya. Maji yale hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya maua ya Madam Mwende.

Madam Mwende alikuwa mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa bara, Ukambani, mwembamba, mpole, mwenye sauti ambayo hata darasa la nane lilinyamaza kuisikiliza. Alipofika kwetu alikuta uwanja mkavu na madarasa matatu ya udongo. Alichofanya kwanza ni kuomba mbegu na vipande vya miche kutoka kwa jamaa waliofanya kazi kwenye hoteli za Malindi, na kabla ya mwaka kwisha shule yetu ilikuwa na bustani. Mbele ya kila ua alisimamisha kijiti chenye kibao cha bati, bati la mikebe ya mafuta ya kupikia tuliyoileta kutoka nyumbani, akakipaka rangi nyeupe na kuandika jina la ua kwa Kiingereza. Hibiscus. Periwinkle. Zinnia. Allamanda. Bougainvillea, ambalo lilikula kibao kizima na herufi za mwisho zikabidi zijikunje pembeni.

Baada ya mapumziko, midomo bado inanuka pilipili ya achari ya maembe, tulipangwa mstari tukaizunguka bustani. Madam anaonyesha kwa fimbo, sisi tunaitikia. Mara ya pili anaviziba vile vibao kwa kanga yake, na hapo ndipo wanaume na wanawake walipojulikana. Mimi nilikuwa bingwa. Nasema bila haya kwa sababu ubingwa wenyewe ndio ulioniponza. Nilijua kuandika bougainvillea nikiwa sijui bado kufunga kanga yangu vizuri. Nilipewa zawadi ya rula na kalamu ya wino, nikatembea nayo imechomekwa kwenye nywele wiki nzima ili hata kuku wa jirani waione.

Wa mwisho kila Ijumaa alikuwa Charo, mjukuu wa jirani yetu Mzee Karisa. Charo alikuwa mtoto mzuri, hodari wa kupanda minazi na kuwinda kanga kwa mitego, lakini Kiingereza kilikuwa kikimwona kinakimbia. Kila ua aliliita flower. Madam akimwuliza, hili nalo je, Charo anajibu kwa heshima zote, flower, Madam. Tulimcheka mpaka machozi. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Kulikuwa na mimea ambayo haikuwa na vibao. Mchunga na mnavu iliota yenyewe katikati ya zinnia, na kazi yetu ilikuwa kuing'oa. Ile tuliyoing'oa hatukuitupa. Tuliificha kwenye marinda tukaipeleka nyumbani, na jioni mchunga ule ukachemshwa, maji ya kwanza yenye uchungu yakamwagwa, ukaungwa kwa tui la nazi ukaliwa na sima. Maua ya Madam hayakuliwa, lakini yeye mwenyewe alipoalikwa kwetu siku moja alikula mchunga akaomba kuongezwa. Hata fimbo yake ya kuonyeshea ilikuwa ya mkwamba, imekatwa kichakani nyuma ya darasa, na hakuna aliyewahi kumwuliza fimbo ile inaitwaje. Alitufundisha kwamba kuna tree, kuna flower, kuna crop, na yote isiyokuwa hiyo ni bush. Nikaliandika neno hilo kwenye daftari nikalipigia mstari.

Nyumbani nilikuwa nikiishi na nyanya yangu, mama wa baba. Kwetu Wagiriama nyanya tunamwita hawe, na wangu alikuwa Hawe Sidi. Mama alikuwa amefariki nikiwa mchanga, na baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa pwani, akirudi mwisho wa mwezi na miguu iliyopasuka kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo boma letu lilikuwa la watu wawili na mbuzi wanne. Hawe hakujua kusoma. Alikuwa mfupi, mwenye maneno machache, na hakupenda mtu akanyage mahali bila kuangalia chini. "Angalia unapokanyaga," alikuwa akisema, "hapo si bure, hapo pamewekwa na mtu." Nilidhani anasema juu ya miiba.

Mwaka niliokuwa darasa la sita ikaja habari ya ardhi. Mtu mmoja wa mjini alijitokeza na cheti kinachosema kwamba sehemu kubwa ya upande wetu ni yake tangu enzi za babu yake, ingawa hakuna aliyekuwa amewahi kumwona akipita hata kuomba maji. Wazee walikwenda wakalalamika, wakarudi, wakaenda tena. Mwisho ukapatikana uamuzi ambao watu wa pwani waliuelewa haraka, maana kwetu tangu zamani mti una mwenyewe hata kama ardhi ina mwingine: aliyekaa na kupanda, alipopanda ni pake. Pasipopandwa patarudi kwa mwenye cheti. Kila boma lingepewa fomu liandike lilichopanda na mahali kilipo.

Karani wa ardhi alikuja asubuhi na naibu wa chifu. Alikuwa kijana wa kwetu kwetu, mstaarabu, akampa Hawe shikamoo yake na kukataa kiti kwa kuwa maboma yalikuwa mengi. Alimwuliza nani ataandika. Hawe akanishika bega. "Huyu hapa. Huyu hata maua ya Wazungu anayajua kwa majina." Karani akacheka, akanipa fomu, akaniambia niandike kila kilichopandwa, mbele ya nyumba na nyuma ya nyumba, naye atapita kuichukua baada ya adhuhuri. Kila siku ya maisha yangu nimekumbuka kwamba hakusema niandike kwa lugha gani. Mistari ya fomu ilikuwa imechapwa kwa Kiingereza, nami nikajiamulia.

Mbele ya nyumba kazi ilikuwa rahisi. Minazi saba, miembe miwili, mkanju, mipapai, muhogo. Coconut, mango, cashew, pawpaw, cassava, mwandiko umelala vizuri kama Madam alivyopenda. Niliongeza na periwinkle tatu zilizoota kando ya mlango, ambazo hakuna aliyezipanda. Kisha Hawe akanishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko ndiko kulikokuwa kukubwa. Eneo lile lilishuka taratibu mpaka kwenye safu ya minyaa, ule mti usio na majani, vijiti vitupu vya kijani, ambao utomvu wake ukikuingia jichoni utaita jina la mama yako. Hawe alitembea polepole akigusa kila mmea kwa fimbo yake na kuutaja. Minyaa ile ya mpaka ilipandwa na baba mkwe wake alipohamia hapo. Mkone huu aliupanda yeye, ili watoto wapate matunda karibu wasiende kuzurura mbali. Mikwamba hii ndiyo iliyotoa fito za nyumba ya kwanza, na ya pili. Mbono huu ulitoa mafuta aliyompaka baba yangu siku aliyozaliwa. Kivumbasi cha kufukuzia mbu. Akaendelea, mmea baada ya mmea, mingine nilikuwa nikiyasikia majina yake kwa mara ya kwanza, na kila mmoja ulikuwa na mtu aliyeuweka na sababu ya kuuweka. Mwishoni tukafika kwenye minyaa mitatu iliyosimama peke yake. Mmoja ulikuwa kwenye kaburi la tsawe, yaani babu yangu, na miwili midogo kwenye makaburi ya watoto wake wawili waliokufa kabla ya kuota meno. Aliipanda, akasema, mahali pasije pakapotea.

Kalamu yangu ilikuwa haijagusa karatasi. Nilikuwa nikitafuta. Nilipekua kichwani vibao vyote vya Madam, cha kwanza hadi cha mwisho, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mnyaa. Hakuna mkone. Hakuna mkwamba. Ningeweza kuyaandika majina yale kama Hawe alivyoyataja, nilijua herufi zake zote. Lakini niliona aibu. Niliona karani akiisoma fomu, amekutana na cashew na cassava, halafu ghafla mnyaa, kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Bingwa wa shule nzima. Nikawaza Madam akisikia atasema nini.

"Mbona huandiki?" Hawe akaniuliza.

"Nitaandika yote mwisho, Hawe."

Tuliporudi jikoni nilikaa kwenye kigoda, nikaandika: nyuma ya nyumba, bush. Nikaweka nukta.

Hawe aliinama juu ya bega langu akaitazama ile karatasi aliyokuwa hawezi kuisoma. Aliuliza kama nimeyaandika yote. Nikasema yote. Akauliza, na makaburi? Nikasema yote, Hawe. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona ajabu. "Ama Kizungu ni kifupi! Maneno yote yale, mstari mmoja."

Saa hiyo hiyo Charo akatokea mbio na fomu ya babu yake, jasho linamtoka, ananiomba aangalie nilivyoandika. Nikaifunika yangu kwa kiwiko kama tulivyofanya wakati wa mtihani. Nikamwambia akaandike mwenyewe, flower. Akaondoka ameinamisha kichwa. Kumbe hasidi wangu alikuwa mimi mwenyewe, na choyo changu ndicho kilichomwokoa Charo.

Karani alirudi jua limepinda. Alitoa kisahani cha wino, akamshika Hawe kidole gumba, akakikandamiza chini ya mwandiko wangu. Hawe alikitazama kidole chake kilivyopiga alama, safi, duara zima, akaniangalia mimi kwa furaha. Jioni ile alimwambia kila aliyepita kwamba Kadzo, yaani mimi, ameliandika shamba lote kwa Kizungu.

Majibu yalisomwa baada ya miezi mingi, darasani mwetu, watu wazima wamejibana kwenye madawati yetu madogo. Boma la Mzee Karisa likasomwa kabla ya letu. Charo alikuwa ameandika kwa mwandiko wake wa kuku, ukurasa mzima, mnyaa, mnyaa, mnyaa, mkone, mkwamba, mbono, kaburi la nyanya, mnyaa. Hakujua kingine cha kuandika. Karani alisema boma hilo limepewa pote, mpaka kwa mpaka. Watu wakapiga vigelegele.

Likaja letu. Mbele ya nyumba hadi ukuta wa jiko, pamekubaliwa. Nyuma ya jiko pasipopandwa, panarudi kwa mwenye cheti, kama wenyewe walivyoeleza katika fomu yao. Na karani akalisoma lile neno, bush.

Baba alikuwepo siku ile. Kiingereza chake kilikuwa cha kazini, cha kuamrishwa na wasimamizi, lakini neno hilo alilijua. Aligeuza uso akanitazama muda mrefu, kisha akatazama sakafu. Hakuniuliza siku ile, wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa.

Hawe alinivuta sikio karibu na mdomo wake. "Mudzukulu wangu," mjukuu wangu, "hilo neno alilolisoma ni nini?"

Mimi, niliyezijua zinnia na allamanda, mwenye rula na kalamu ya zawadi, nikamwambia, "Sijui, Hawe."

Naye akanipapasa kichwa. "Usihuzunike. Kizungu ni kingi, hata wewe huwezi kukijua chote."

Nimesamehewa mengi maishani, na mengine nimejisamehe mwenyewe, lakini sentensi ile bado inanichoma. Laiti angenipiga. Kwa miaka yote iliyofuata, watu walipozungumzia shamba lile mbele yake, Hawe alikuwa akinitetea. Tulidhulumiwa, alisema, lakini si kwa kukosa mwandishi. Kadzo aliandika yote. Nilikuwa nikisikia hayo nikijifanya napepeta mchele. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Mimi nilikuwa mjukuu na majuto kwa pamoja.

Mwenye cheti aliweka seng'enge, baadaye akauza, aliyenunua akauza tena. Hawe alizoea kwenda kusimama kwenye seng'enge asubuhi, mkono mmoja juu ya nguzo, akiangalia kule kwenye minyaa mitatu. Alipofariki tuliomba ruhusa azikwe karibu na mumewe na wanawe. Tulisubiri jibu siku mbili, halikuja, na maiti haisubiri. Tukamzika upande wa mbele, kati ya mnazi na mwembe, mahali pazuri tu, lakini si pake. Siku ya mazishi Charo ndiye aliyechimba kaburi tangu mwanzo hadi mwisho, naye hajawahi hata mara moja kunikumbusha habari ya kiwiko.

Sasa watoto wetu wana bahati yao na msiba wao. Binti yangu, ambaye kwa desturi yetu nilimpa jina la Hawe, Sidi, anakaa Malindi, na hata mchicha anaununua umeshakatwakatwa. Akiona mmea asioujua anaupiga picha, simu inamwambia jina la Kiingereza na la Kilatini na nchi ulikotoka. Niliwahi kumwonyesha mnavu akaniuliza kama una sumu. Nilimcheka, kisha nikajirudi, maana ile orodha ya Hawe ya nyuma ya jiko, nikijaribu kuihesabu leo, nafika mimea sita. Ilikuwa zaidi ya kumi na minne. Ile mingine haikuandikwa popote, na niliyekabidhiwa kalamu ni mimi. Sidi angalau hajui kwa sababu hakuambiwa. Mimi niliambiwa mmoja mmoja, nimeshikwa mkono.

Mwaka jana, kabla ya kwenda kusafisha kaburi la Hawe, tulisimama kwa wauza miche kando ya barabara ya Kilifi. Sidi alitaka kitu cha kupanda kisichotaka maji mengi. Alizunguka kwenye vyungu, akarudi amekumbatia kimoja amefurahi kweli. Mama, akasema, hiki sasa ndicho wanachopanda kwenye nyumba zote mpya, ni cha kisasa. Vijiti vitupu vya kijani, havina jani. Kwenye chungu palikuwa na kibao kidogo cha plastiki, cheupe, na Sidi akanisomea: pencil plant.

Nilikaa chini pale pale kwenye ukingo wa barabara. Kumbe mnyaa ulikuwa na jina. Muda wote ule ulikuwa na jina, tena jina jepesi, neno la kwanza kabisa la Kiingereza nililofundishwa darasa la kwanza, kabla ya Madam Mwende na maua yake. Sidi alidhani ni jua, akanifungulia chupa ya maji.

Tuliufikisha mnyaa ule kwa Hawe alasiri. Nyuma ya jiko, au palipokuwa jiko, sasa kuna ukuta mrefu, na juu ya ukuta inaning'inia bougainvillea, nyekundu, imekatwa vizuri. Herufi zake zote bado ninazijua. Nilichimba shimo upande wa kichwa, nikauondoa ule mche kwenye chungu chake. Kijiti kimoja kilivunjika, utomvu mweupe ukanitirikia kidole gumba. Kibao cha plastiki nilikichomoa nikakitia mfukoni.

Sidi aliniuliza, "Mama, kwani kwetu unaitwaje huu?"

Nikamwambia unaitwa mnyaa, na nikamwambia wa kule ng'ambo ya ukuta ulipandwa na nani, na kwa nini. Alisikiliza, kisha akaenda kuniletea maji ya kunawa. Alipokuwa mbali nilipiga magoti, nikaweka mkono juu ya udongo, nikamwambia Hawe maana ya lile neno.